Kuziba na Kufunika

Ningali naiona ile asubuhi, mwanangu, kama vile ni jana ilipita kwa mulango wetu: mama mukwe wangu amekaa juu ya jiwe la volkano mbele ya nyumba, kitenge amekikaza kifuani, muzigo wake uko karibu ya miguu, anangojea gari ya kumurudisha kwao Vitshumbi. Hakupigana na mutu. Hakuna mwenye alimutukana. Alikuwa anatukimbia sababu ya kifuniko cha bidoni, mutungi wetu wa plastiki wa maji.

Usicheke, Aline. Wewe unacheka upesi, kisha unanuna upesi. Mwezi uliopita uliniletea kile kifuniko mulichotengeneza na wenzako kwa atelye yenu ya ufundi ya Birere, cha buluu, kizuri, chenye meno ndani na kufuli ya kupinda. Ukaniambia, "Koko, angalia, hata nzi hawezi kupita. Hiki kitaenda kwa bidoni za maji ya kunywa za watu wa kambi ya Mugunga." Nikakishika, nikakirudisha mikononi mwako bila kukijaribu. Ulitoka umebinua mudomo mupaka kwa motari, ile pikipiki yako. Mama yako akanigombeza, akasema nimevunja roho ya mutoto. Basi leo mimi koko yako, muzazi wa mama yako, nakuandikia sababu. Mimi masista walinifundisha herufi na hesabu kidogo, kisha baba akasema inatosha, ng'ombe hawaulizi diplome. Kwa hiyo usitafute makosa ya maandishi yangu. Tafuta kile nasema.

Nilikuwa muke kijana wakati ule. Mama yako Furaha alikuwa mutoto wa kutambaa. Mimi nimetoka milima ya Masisi, kwa watu wa maziwa, na babu yako alitoka Vitshumbi, kwa watu wa samaki, tukakutana hapa Goma kwenye mawe haya. Yeye alisukuma chukudu. Unajua ile kazi: muti muzito, magurudumu mawili, makala na mifuko ya viazi juu yake, na mwanaume mumoja nyuma yake, anapigana nayo kwa kupanda na anaiogopa kwa kushuka. Kutwa nzima alikuwa njiani. Mimi nilikuwa soko, nauza maharagi, mutoto mugongoni.

Babu yako alipofiwa na baba yake, akaenda kumuchukua mama yake, akamuleta kwetu. Mimi nilimuogopa, naungama. Alikuwa mama wa maneno machache na macho mengi. Lakini zaidi ya macho, niliangalia mikono yake. Miaka yote alipasua samaki, akawatia chumvi, akawageuza juu ya moshi. Vidole vilijikunja kama vile vingali vinashika kisu. Asubuhi aliviweka karibu ya moto kwanza, ndipo vinafunguka kidogo, na vikifunguka havifiki mwisho. Kitu cha kubeba, alikibeba kwa mikono ya ndani, pale karibu ya kiwiko, kama mutu anabeba mutoto. Kitu cha kushika na vidole, alikiangalia tu.

Kisha kolera ikaingia kwa mutaa wa avenyu yetu. Sitakueleza kolera, umekulia Goma. Mama infirmiye, muuguzi wa santere ya afya, akapita nyumba kwa nyumba, sauti imemukauka, anasema: "Maji ya kunywa mutie dawa. Mufunge! Mufunge vizuri! Bidoni isibaki wazi hata kidogo." Alisema kweli, na watu wengi wako hai sababu ya ile sauti. Usimuweke kwa makosa. Makosa yalikuja nyuma yake, kwetu nyumbani.

Babu yako alisikia "mufunge vizuri" kwa masikio ya mutu wa chukudu. Yeye kitu alichojua ni kukaza. Mutu wa chukudu asipokaza, gurudumu linatoka kwa mushuko, na anazikwa pamoja na makala ya watu. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, alichukua ile bidoni ndogo ya maji ya kunywa, anaiweka katikati ya magoti, anaizungusha kofia ya bidoni na kitambaa, anauma meno, anakaza mupaka plastiki inalia. Kisha anaipiga bidoni kofi mugongoni kama ng'ombe, anasema, "Leo kolera itapita kando." Na mimi nilimuona ni bwana mwenye akili. Majirani walitusifu. Nyumba yetu haikuugua.

Lakini sisi wawili tulitoka. Mwenye alibaki na ile bidoni ni mama mukwe.

Utaniuliza: Koko, hamukumuuliza kama anaweza kuifungua? Tulimuuliza! Hapo ndipo nataka ufungue masikio. Jioni moja nilimuambia, "Mama, hii bidoni haikusumbui?" Alisimama, akaivuta, akaikumbatia na magoti, akazungushia kofia kitenge chake, akakaza shingo. Sisi tumesimama pale, bwana na bibi, tunaangalia kama watu wanaangalia mupira. Kofia ikalia, ikafunguka. "Mulifikiri mimi ni mutoto?" akasema, akakaa. Babu yako akacheka na furaha, "Mama yangu ni wa Vitshumbi, angefungua hata mulango wa benki." Mimi niliona jasho juu ya pua yake. Niliona vidole vinatetemeka ndani ya kitenge. Sikufikiri kitu. Tukalala vizuri.

Mutu mwenye kuangaliwa anajikaza, mwanangu. Mbele ya muke wa mutoto wake, mama atafungua hata kaburi. Kesho yake saa ya jua kali, hakuna mwenye anamuangalia, hapo ndipo bidoni inasema kweli.

Mwenye alinifungua macho ni jirani, Mama Noela. Ule mama hakujua kusema kitu polepole. Alinipitia soko, akainama juu ya maharagi yangu, akayachezea kama anataka kununua, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza zote:

"Mama Furaha, kwani maji yenu iko na dhahabu ndani?"

"Dhahabu gani tena?"

"Nauliza tu. Mama mukwe wako kila siku muchana anakuja kwangu amekumbatia bidoni kama mutoto mugonjwa. 'Mama Noela, nifungulie.' Nafungua. Mimi sikatai. Lakini siku nimeenda kwa ndugu yangu, nani anamufungulia?"

Nikainamia maharagi yangu. Yeye akaendelea, sababu kimya ya mutu mwingine ilikuwa chakula chake.

"Juzi nilimuona barabarani. Alisimamisha kijana mumoja mwenye kutoka kuchinja mbuzi, nguo yote damu. Kijana akashindwa na mikono. Akaifungua na meno, Mama Furaha! Na meno! Muzee akashukuru, akarudi ndani. Sasa avenyu yote inasema ule musichana wa Masisi anafunga maji kama benki."

Ninyi vijana hamujui haya ya mukwe. Kwetu ukisikia watu wanasema unamunyima mama mukwe maji, unatamani lile lava la Nyiragongo lirudi likufunike peke yako. Nilikusanya maharagi bila kuuza, nikarudi mbio. Nikamukuta amekaa kwa mulango, midomo imekauka, gobele yake ya alimini, kikombe chake cha kunywea, iko imepinduliwa juu ya jiwe pale ilipolala asubuhi. Nikaishika. Kavu, na vumbi juu yake.

"Mama, kwa nini haukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mikono yangu imekufa? Si unaiona."

Nikafungua bidoni. Nilitumia nguvu zangu zote za kijana, na viganja vikaniuma. Akakunywa, akaweka gobele chini. Usiku akafunga muzigo. Asubuhi ndiyo ile nilikuambia, juu ya jiwe, anangojea gari.

Babu yako aliacha chukudu yake imelala katikati ya njia, akapiga magoti mbele yake. "Mama, ugonjwa uko kote. Utaenda wapi? Tulifunika maji sababu yako. Tulikuwa tunakulinda."

Hapo ndipo alisema lile neno. Nataka ulisikie vile alilisema, polepole, bila kugombana.

"Hapana. Hamukufunika. Muliziba."

"Mama, si ni kitu kimoja?"

"Wewe umezaliwa kando ya ziwa, na unaniuliza hivyo? Tundu la mutumbwi, tunafanya nini?"

"Tunaziba."

"Sababu hakuna mutu anataka lifunguke tena. Na sahani ya mutu mwenye hajarudi kutoka ziwani, tunafanya nini?"

Babu yako akaangalia chini. "Tunafunika, Mama."

"Tunafunika sababu atarudi, atafunua, atakula. Mutu akifunika, iko mutu anamungojea. Sasa uniambie, kila asubuhi ulipokaza ile kitu na meno yako, ulikuwa unamungojea nani? Kolera haina vidole. Mwenye vidole kwa hii nyumba ni mimi. Ni mimi uchafu, hata munanizibia?"

Aline, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, ya mapadri na ya wachungaji. Hakuna lenye lilinikaa kama lile. Babu yako alifunika uso na mikono yake miwili.

Bahati ya Mungu, gari haikuja siku ile. Barabara ya kule ni hivyo, inakuja ikitaka. Babu yako akamuomba angoje ile ya mwisho wa juma. Akajibu, "Nitangoja. Lakini maji yangu muniwekee kwa sufuria, ile mimi najua kuifunua." Muzigo akaurudisha ndani, ukiwa umefungwa. Hakuufungua hata fundo moja. Kila nilipopita, ule muzigo uliniangalia.

Ungefikiri sasa kazi ni rahisi: uweke maji kwa sufuria, basi. Hata mimi nilifikiri hivyo muchana mumoja. Lakini sufuria inataka kuchota, na kila anayechota anaingiza gobele na mukono, na mama yako Furaha, mutoto wa kutambaa, alishaingiza mikono miwili na kiatu. Kolera ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ilinibidi nipate kitu chenye kinafukuza uchafu na hakimufukuzi muzee. Moja bila nyingine haikunisaidia.

Nikakumbuka kile kifuniko mama yangu alinipa nilipoolewa, cha chombo cha maziwa, kile cha kusuka chenye kichwa kirefu kama kofia ya muchungaji wakati wa mvua. Kwetu mudomo wa chombo cha maziwa haushikwi. Kifuniko hakiingii ndani, kinavaa shingo kutoka inje na kushuka chini, hata mukono ukiwa muchafu unashika kichwa tu, mbali na maziwa. Nikakitoa ukutani, nikakivalisha bidoni. Kikakaa vizuri sana! Mama mukwe akakiinua kwa kubana na mikono miwili, bila vidole. Nikajiona mimi ni enjenyeri.

Furaha akakivuta. Kikaanguka kwa majivu. Na mama mukwe, mutu wa haraka, akakiokota akakirudisha juu ya maji, na majivu yake, na manyoya ya kuku.

Nikakifunga na kamba kwa mukono wa bidoni, kisianguke tena. Sasa kikaning'inia mbele ya mudomo pale pale maji inapita. Inabidi mukono moja ukishike pembeni, mwingine uinamishe bidoni, mwingine ushike gobele. Akajaribu, akaniangalia.

"Mama Furaha, ulihesabu mikono yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hesabu tena. Iko miwili, na hata hiyo iko kwa konji, imepumuzika kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kunifanyia muzaha tangu ile asubuhi. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia, sababu mwisho wa juma ulikaribia na muzigo ulikuwa ungali umefungwa.

Babu yako hakulala kitandani vizuri siku zile. Jioni akirudi alikaa inje akitengeneza freni ya chukudu yake. Wewe umeziona chukudu maisha yako yote, lakini sijui kama uliangalia freni yake. Ni kipande cha mupira wa tairi kimegongomewa juu ya gurudumu la nyuma. Mutu anaposhuka mulima, mikono yote miwili iko kwa usukani, hawezi kuitoa. Anakanyaga ule mupira na kisigino, unashika gurudumu. Anaondoa kisigino, mupira unajiinua wenyewe. Vidole havina kazi pale.

Alikuwa anaikanyaga, anaiachilia, anaikanyaga, anaiachilia, kama mutu mwenye mawazo. Kisha akapiga kelele: "Freni! Freni!" Mama Noela akatoka mbio akishika watoto wake, alifikiri chukudu imetoroka na muzigo. Babu yako tayari alikuwa ndani, anatafuta kisu.

Akakata kifuniko kutoka kwa plastiki ya bidoni kuukuu, akakipa umbo la kile changu cha kusuka, chenye kuvaa shingo kutoka inje. Nyuma akakipa mukia wa ubao, mupana kama kiganja. Katikati akaweka kipande cha mupira, ndio ulikikunja na kukirudisha. Ukikanyaga mukia na mukono wa ndani ao na kiwiko, kifuniko kinainua kichwa. Ukiondoa, kinainama chenyewe. Hakiwezi kuanguka kwa majivu, sababu kimefungwa. Hakikai mbele ya maji, sababu kinapanda juu. Kisha akaichongea bidoni kitanda cha mbao, imelala imeinua shingo, unaisukuma kidogo tu chini kwa kiganja, na maji inakuja kwa gobele yenye kusimama juu ya jiwe.

Usifikiri kilifaulu pale pale. Cha kwanza kilikuwa na mupira mugumu, kikapiga mudomo wa bidoni pa! na kuku wakaruka. Cha pili, aliweka ule mupira upande wa ndani, na mama mukwe alipoonja akatema.

"Maji inanuka safari," akasema.

Kwa hiyo mupira ukahamia inje, hauonani na maji. Cha tatu kilikuwa na kona ndani, na mimi nilipokiosha, kidole changu hakikufika kwenye kona. Nikamuambia, "Papa Furaha, mahali kidole changu hakifiki, uchafu utafika na utapanga nyumba." Akanung'unika. Ni yeye alikitengeneza, na mutu akitengeneza kitu anataka kusifiwa, sivyo? Wewe unajua. Lakini akakaa, akakiyeyusha kile kipande juu ya moto, akakifanya muviringo, na akaweka misumari ya kuchomoa ili nikitoe chote na kukichemshia maji.

Siku ya gari ikafika. Babu yako alikileta asubuhi, akamuweka mama yake mbele ya ile bidoni, yeye akasimama karibu, mikono kiunoni, macho yote mbele. "Mama, jaribu tuone."

Nikaona mama mukwe anakaza shingo. Ile shingo niliijua. Nikamushika babu yako kwa shati.

"Papa Furaha, tutoke."

"Bado hajajaribu!"

"Ndiyo maana. Tutoke."

Alinikasirikia mupaka kwa njia panda. Tulimuacha na bidoni, na gobele kavu, na muzigo wake wenye kufungwa karibu ya mulango, na gari iko inakuja. Sijui kama umeshawahi kufanya kitu kama kile. Siku ile nilipima maharagi ya watu vibaya, niliwapa wengine zaidi, wengine pungufu, wakanitukana wote. Kila gari iliyolia upande wa barabara ya Rutshuru, moyo wangu ulisimama.

Jioni nilirudi mbele ya babu yako. Mama Noela alikuwa ananingojea kwa njia, hakuweza kujizuia.

"Gari ilikuja! Ikapiga klaksoni mupaka ikachoka. Shofere akashuka akaita: 'Muzee, tuende!' Unajua alimujibu nini? Eti, 'Enda na wengine. Mimi leo niko na kazi, nangojea kiu.'"

Nikaingia ndani. Mama mukwe alikuwa amekaa pale pale, nikamulalisha Furaha juu ya miguu yake. Nilimusalimia, akaitika. Nikajifanya natafuta mwiko, nikapita karibu ya jiwe, nikashika gobele.

Ilikuwa imeloa. Ndani kulikuwa tone moja limebaki chini, baridi.

Nilibaki nimeishika, nimemupa mugongo ili asinione uso. Akasema nyuma yangu, "Mama Furaha, ile dawa munatia mingi. Maji inauma ulimi." Nikamujibu, "Ndiyo, Mama, nitapunguza," na sikupunguza kitu, sababu infirmiye ndiye alinipa kipimo. Lakini nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mutu mwenye kulalamika juu ya ladha ameshakunywa vya kutosha.

Kesho yake kitenge kilichokuwa katikati ya ule muzigo kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa, kinakauka kwa upepo. Alikaa nasi mupaka Mungu alipomuita, miaka mingi baadaye, na hata siku zake za mwisho alijinywesha mwenyewe. Majirani walikuja mumoja mumoja kumuomba babu yako awatengenezee, wa kwanza Mama Noela, na mama yangu mukwe ndiye aliwaonyesha namna ya kukanyaga mukia, na mikono yake ile ile, kama mwalimu.

Sasa turudi kwa kifuniko chako cha buluu.

Ulipokiweka mikononi mwangu mwezi uliopita, nilikizungusha. Mbele yako ningeweza kukifungua. Ningekaza shingo, ningebana meno, ungenipigia makofi, na ungekipeleka Mugunga na furaha. Ndiyo sababu nilikataa kujaribu. Angalia mikono yangu, Aline. Hauiangalii, sababu umeizoea. Asubuhi hizi mimi pia naiweka karibu ya moto kwanza. Kalamu hii nimeizungushia kitambaa ndipo nikaweza kuishika.

Nzi hawezi kupita kwa kifuniko chako, nakubali. Ulifanya kazi ya nusu, na ile nusu uliifanya vizuri kuliko babu yako. Sikukuambia hivyo siku ile, nakuambia leo. Lakini Mugunga kuko mama mwenye mutoto mugongoni na muzigo mukononi. Kuko mutu mwenye vita ilimuachia mukono moja. Kuko mutoto mwenye kubaki peke yake na wadogo zake, na vidole vyake ni kama maharagi. Kuko wazee wenye kukimbia mara nyingi, wakiwa na haya ya kuomba hata maji. Wale hawatakuambia kwamba kimewashinda. Watasema "aksanti, mwanangu," kisha ukienda watakivunja, ao watakifungua na meno, ao watakiacha wazi, ao watakaa na kiu. Na kolera itapita pale ulipofunga kwa nguvu zaidi.

Basi shauri langu ni hili, na sitalirudilia. Unapotengeneza kifuniko, anza na mukono wa mwenye kunywa, uchafu uje nyuma. Mudomo wa bidoni usiguswe na mutu. Kitu kisichofikiwa na kidole cha kuosha, kitoe. Kifuniko kisitoke kwa chombo chake kikaanguka chini. Kifunguke bila vidole, na kijifunge chenyewe, sababu mutu mwenye kiu hakumbuki kufunga. Na ukimaliza, usisimame mbele ya mutu na simu yako kumupiga picha akifungua. Mupe, muache, uende zako, urudi jioni. Na ukirudi usimuulize kitu, maana atakudanganya kwa heshima. Shika gobele yake.

Niletee kingine. Kiweke juu ya meza, na bidoni yake, na ile gobele ya alimini yenye kukunjika mudomo, ni ile ile, sikuitupa. Kisha panda motari yako uende Birere. Mimi nitabaki na kazi yangu ya kungojea kiu.

Mungu wa mababu zako akutie akili ndani ya vidole, mwanangu, na akuepushe na sifa za haraka. Kila chombo utakachofunika, Mungu amulete salama mwenye kukifunua. Na siku mikono yako wewe pia itakapokunjika, miaka mingi mbele, ukute kwa nyumba ya watoto wako maji safi yenye kukungojea, na gobele yako isikauke.